Tulilala Mbali na Hospitali

Tulikuwa jikoni kwetu Kitandililo, Makambako, tukimenya viazi. Nikamtegea mjukuu wangu Yunisi.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nimeiacha nyuma, lakini kila jioni naitafuta mbele."

Akafikiri. "Nyumba ya msafiri, bibi!"

"Umepata, mama."

Yunisi ana miaka sita. Jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu mweupe. Daktari wa Njombe alituambia ni mtoto wa jicho.

"Mpelekeni Dar es Salaam," alisema. "Jumanne, saa moja asubuhi. Msikose. Jicho la mtoto likikaa gizani muda mrefu, linasahau kuona."

Mwanangu Danieli, baba yake Yunisi, alitaka tulale gesti karibu na hospitali. Nikamfokea.

"Gesti? Na Stanley yuko Chanika, huko huko Dar? Mtoto wa mdogo wangu! Watu watasema hatuna ndugu."

"Basi tumpigie simu, mama."

"Mtoto wa ndugu hapigiwi hodi."

Tukapanda basi na gunia la viazi. Jumatatu jioni tukatokea mlangoni kwa Stanley.

"Kamwene, mama mkubwa! Karibuni!" Stanley alitusalimu kikwetu akicheka, lakini mkewe Eveline alikuwa anamtazama. Walikuwa na chumba kimoja na mtoto mchanga. Sisi tulikuwa watatu.

Alfajiri nikatoka nje. Stanley alikuwa amejikunja kwenye baraza la jirani. Viazi vyetu alikuwa amevimwaga pembeni, gunia amejifunika.

"Umelala hapa, mwanangu?"

"Hapa kuna hewa nzuri, mama mkubwa."

Nikatamani ardhi inimeze.

Tukaondoka mapema, lakini Chanika ni mbali na barabara ilijaa magari. Tulifika hospitali saa nne.

"Daktari ameshaingia kwenye upasuaji," nesi akasema. "Rudini baada ya wiki mbili."

Yunisi akanivuta kanga. "Bibi, nimekosa nini?"

Nikambeba mgongoni. Danieli hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenilaumu.

Tuliporudi Makambako, nikawa nampita jirani yetu Hamisa kwa njia ya nyuma. Yeye anauza vitenge na Dar anaijua vizuri; niliogopa aniulize habari za safari. Siku ya tatu akanikamata.

"Mama Danieli, mbona unanikwepa? Umeniibia kuku?"

Nikacheka, kisha nikalia. Nikamweleza yote.

"Sikiliza," akasema. "Mimi nikienda Dar nalala Kariakoo, kwa sababu kazi yangu iko Kariakoo. Shemeji yangu yuko Mbagala. Kazi ikiisha, naenda kumsalimu. Kwanza jiulize umefuata nini mjini. Kitanda kiwe karibu na hicho."

"Nitaijuaje gesti nzuri?"

"Muulize nesi wagonjwa wa mbali wanalala wapi. Kisha piga simu huko. Kwa miguu ni dakika ngapi? Bei ni ya chumba au ya kila mtu? Maji yapo? Chandarua? Na ukifika, kagua chumba kwanza, mlango ufungike, ndipo utoe hela. Dai risiti."

"Na Stanley je?"

"Huyo mpigie leo. Umwombe radhi."

Hiyo ndiyo iliyonishinda. Nilishika simu, nikaiweka. Nikaishika tena.

"Stanley, mwanangu, nisamehe. Nilikulaza nje."

"Mama mkubwa, mimi ndiye niliyeona aibu. Umenilea, na sina pa kukulaza."

Kumbe aibu yangu nilikuwa nimemtwisha na yeye.

"Safari hii tutalala karibu na hospitali," nikamwambia. "Wewe njoo utuone."

"Nitakuja, mama mkubwa. Nitakuja kweli."

Nesi alitutajia hosteli ya kanisa. Danieli akapiga simu, akauliza yote. Tulipofika tukakagua: maji yapo, chandarua kipo, komeo zima. Jumanne tulitembea dakika kumi tu. Saa moja kasoro robo tulikuwa wa kwanza kwenye benchi. Daktari alimpima Yunisi, na kesho yake akamfanyia upasuaji.

Siku ya kutoa bandeji, Stanley alikuja hosteli na mkewe, mtoto mgongoni, na chapati kwenye hotipoti. Tulikaa kitandani wote. Yunisi akaziba jicho lake zima kwa kiganja. Akamtazama Stanley muda mrefu kwa lile la kushoto.

"Baba mdogo," akasema, "kumbe una mwanya!"

Stanley akacheka mpaka mwanya wote ukaonekana. Nami nikacheka, uso nimeuinamisha kwa aibu iliyobaki.