Ng'ombe Asiyekula Muhogo

Mariette alikuwa ameona watu wengi wakipanda baiskeli, lakini baiskeli iliyompanda mtu hakuwahi kuiona mpaka Jumamosi ile ya mwaka 2013, sokoni Kakoba, mjini Mbarara.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na njia ya sokoni ilikuwa tope tupu. Mariette alikuwa amepanga vitenge vyake mezani, na yeye mwenyewe amevaa kimoja cha manjano chenye maua mekundu, kilemba kimesimama wima kichwani. Mara waendesha bodaboda wakaanza kupiga kelele: "Banange! Muone huyu!" Akatokea kijana mrefu, mwembamba, shati jeupe limechomekwa vizuri, na begani amebeba baiskeli nzima kama ndama mgonjwa. Anaruka madimbwi, anaomba njia, hataki hata tairi liguse tope.

"Yesu wangu!" Mariette akashika mdomo. "Wee kaka! Tokea lini kinga inapanda mutu?"

Kinga ndiyo baiskeli kwa Wakongo, na kijana aliposikia neno la kwao akasimama papo hapo.

"Musamehe, dada," akajibu kwa adabu zote. "Huyu ni Gaju. Ametoka kuoga."

"Gaju ni nani?"

"Kwetu, ng'ombe ya rangi hii tunaiita Gaju. Angalia hata pembe zake."

Mariette akaangalia. Chuma chote kilikuwa kahawia nyekundu, kinang'aa, na usukani umepinda kwenda mbele na chini, kweli kama pembe. Matairi yalikuwa membamba kuliko kidole gumba. Akaizunguka yote akitafuta kitu asikione.

"Na portibagaji iko wapi? Fasi ya kukalisha mutu?"

"Haiko. Hii ni ya kukimbia tu."

"Ah! Kinga haibebi ndizi, haibebi muke! Sasa iko na kazi gani?"

Soko zima likaangua kicheko. Kijana naye akacheka mpaka begani baiskeli ikatikisika. Alisema anaitwa Mihigo, akanunua kitenge, na kesho yake akarudi kuuliza kinafuliwa vipi. Mariette akaduwaa. Tangu aanze biashara hajaulizwa swali hilo na mwanamume, na hakuhitaji kuelezwa kwamba kitenge kilikuwa kisingizio.

Mapenzi yakaanza hivyo. Mihigo alifanya kazi kwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, mzee Kabanda, hapo hapo Kakoba. Ile baiskeli aliiunda mwenyewe, jioni baada ya jioni, kwa mabomba ya chuma chepesi: akayakata, akayapiga tupa, akayaunga kwa moto na shaba. Vipimo vyote alivitoa mwilini mwake, urefu wa paja, urefu wa mkono, upana wa bega. Hakuna mtu mwingine ambaye ingemkaa, wala hakuna aliyeruhusiwa kujaribu. Siku alipompa Mariette aiinue kwa mkono mmoja, dada wa watu alitarajia uzito, karibu airushe juu ya bati.

"Mihigo! Chuma hii umetoa nini ndani?"

"Nimetoa uvivu, sukari yangu."

Kila Jumapili baada ya ibada Mihigo alitoka na baiskeli yake, akapotelea kwenye vilima vya barabara ya Isingiro, na kila Jumapili simu ililia.

"Umefika?"

"Nimefika, mupenzi. Gaju anakusalimia."

"Umuambie sisalimiani na vyuma."

"Amekasirika. Amelala bila kula."

"Muache alale. Wewe umekula?"

Lakini palikuwa na jambo moja ambalo wote wawili walilizunguka bila kuligusa. Mariette alikuwa binti wa mkulima wa Fizi, huko Kongo. Mihigo alikuwa mtoto wa wafugaji wa milimani, kule juu. Huko nyumbani ng'ombe wa milimani waliwahi kushuka wakamaliza shamba la muhogo la mzee Constantin, baba yake Mariette, na baada ya ng'ombe zikafuata bunduki. Sasa mzee alikuwa na kiwanja chake katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mbali kidogo na Base Camp, kitovu cha kambi, na alikuwa ameapa mbele ya familia nzima kwamba ng'ombe wa wale watu hatakanyaga kwake tena, hata awe wa mahari. Na kwa akina Mihigo, binti hatoki kwao bila ng'ombe.

Siku moja Mariette alichoka kuzunguka.

"Kuya uongee na papa."

"Wiki ijayo."

"Ulianza kusema wiki ijayo mahindi ikiwa kidogo. Sasa tumeikula!"

"Mariette, kwetu mutu haendi mikono wazi. Na ile kitu ningepeleka, papa yako ameikataza. Uniache nifikiri kidogo."

"Fikiri na Gaju wako! Unaipenda ile kinga kunipita. Usinipigie tena."

Alishtushwa na ulimi wake mwenyewe. Kilichomshtua zaidi ni kwamba Mihigo alimtii. Jumapili ikapita, simu kimya. Ya pili, kimya. Mariette akawa anapima vitenge vya wateja huku jicho liko kwenye simu, na alikuwa anaumia, tusifichane. Wiki ya tatu akajifanya anapita tu karibu na karakana ya Kabanda. Ndoano ambayo Gaju alitundikwa ilikuwa tupu.

"Nnyabo, huyo aliondoka asubuhi na kinga yake," Kabanda akamwambia. "Barabara ya Isingiro. Siku hizi anaendesha mbaya sana, kama mtu hana macho. Na malori iko mingi huko."

Kesho yake mama yake akapiga simu.

"Mariette? Kuya nyumbani."

"Kuko nini, mama?"

"Kuya tu. Usiulize."

Kwao, msiba hautajwi kwenye simu hata siku moja. Mtu huitwa nyumbani kwa maneno hayo hayo, apewe habari akiwa ameketi na ameshikwa mikono. Bibi yake alipofariki aliitwa hivyo. Akafunga meza bila kukunja vitenge, akapanda gari hadi Base Camp, na njia nzima aliomba Mungu marehemu asiwe baba yake.

Hakuwa baba. Alipoteremka kwenye bodaboda akamwona mzee Constantin ameketi uani, mzima, amevaa koti lake la mazishi. Viti vya kanisa vilikuwa vimepangwa. Wanawake walikuwa wanapika nyuma ya nyumba kwa sauti za chini. Upande wa pili walikaa wazee wanne asiowajua, wenye kofia na fimbo ndefu za wafugaji, wote wanatazama chini. Hakuna aliyekuwa anasema neno.

Na kwenye nguzo ya baraza, amefungwa kwa kamba, ameoshwa akang'aa, alisimama Gaju. Peke yake.

Mariette hakujua alifikaje pale. Alijikuta amepiga magoti, ameikumbatia ile fremu, kilemba kimeanguka, na sauti inayotoka kooni mwake hakuitambua.

"Ni mimi nimemuua! Nilimuambia asinipigie! Papa, unisamehe, nilimupenda huyu mutu! Mutoto wa batu ba ng'ombe, ndiyo, nilimupenda, na ningemufuata hata huko milimani! Mihigo wangu! Nani atapanda hii kinga sasa?"

Wanawake wakatoka jikoni mbio, miiko mikononi. Wale wazee wanne walikuwa wamefungua midomo wazi. Mama Marthe, mama yake Mariette, alisimama mlangoni kama amegandishwa.

Hatimaye mkubwa wa wageni, mzee Sebagabo, baba mdogo wa Mihigo, akakohoa.

"Binti, Mihigo iko muzima."

Kilio kikakatika katikati.

"Tumemuacha Base Camp. Kwetu kijana hakai fasi banamuombea muke. Tumekuya kwa ajili yako."

Mariette akainua kichwa polepole. Aibu ilimpanda kuanzia miguuni. Mambo ambayo binti hathubutu hata kumnong'oneza shangazi yake, yeye ameyapiga kelele mbele ya wakwe! Na kimya kile hakikuwa cha msiba kabisa. Kilikuwa cha baba yake, ambaye tangu wageni watoe ombi lao asubuhi hakuwajibu neno, akakataza na binti asielezwe kitu. Mama Marthe alimwita kwa kuona jua limefika utosini na jibu halipo.

Mzee Constantin akasimama. Akaizunguka baiskeli, akaigonga kwa kidole.

"Na hii ndiyo ng'ombe?"

"Ulikataza ng'ombe, muzee, na uko na haki," Sebagabo akajibu, naye akavua kofia. "Zetu zilikula muhogo yako. Tunaomba musamaha. Kijana ameleta kile alitengeneza na mikono yake, hana kingine. Hii haitakula muhogo."

Constantin alibaki amesimama, mkono juu ya usukani. Miaka yote ya ukimbizi alikuwa ameisubiri sentensi moja, bila kumwambia mtu, na hakutegemea kuisikia kutoka kinywa cha mtu wa milimani. Macho yakamjaa. Akamtazama binti yake aliyejaa vumbi.

"Iko na kasoro moja," akasema. "Haina portibagaji."

Vigelegele vikapasuka mpaka majirani wakatoka nje. Mzee akanyoosha mkono watulie.

"Itabaki kwangu. Lakini mimi sijui kuchunga. Kila siku ya Mungu, kisha ibada, mwenyewe akuye aitoe, aikimbize, airudishe."

Mariette alikuwa ameshampokonya mama yake simu.

"Mihigo?"

"Mariette? Ulisema nisikupigie."

"Hujanipigia. Ni mimi ninapiga."

"Papa amesema nini? Nimekaa hapa tokea asubuhi, hata chai haipiti."

Alitaka kumweleza yote, lakini machozi yalimjaa tena na sauti ikagoma. Yakamtoka tu maneno aliyoyazoea.

"Kuya nyumbani."

"Kuko nini? Mariette, juu ya nini unalia?"

"Kuya tu. Usiulize."

Kumbe naye kwao msiba huitiwa vivyo hivyo! Na siku hiyo hakuwa na baiskeli. Alikuja mbio kwa miguu njia nzima, shati jeupe limegandamana na mgongo, kiatu kimoja mkononi. Akaingia uani kwa wakwe bila salamu, macho yakiruka kutoka uso hadi uso, mpaka yakamfikia Mariette pale chini, karibu na Gaju.

"Nani amekufa?"

Mzee Constantin akavuta kiti kilichokuwa pembeni mwake.

"Kaa hapa, mutoto wangu," akasema. "Upumue kwanza."