Mbu Waliokataa Kufa

"Hesabu tena," Mkuu wa kituo alisema.

"Nimehesabu mara tatu, Mkuu."

"Basi iwe ya nne."

Mama Mbu aliinamia kopo la plastiki. Jana mbu mia moja walikuwa wamefungiwa saa nzima na karatasi iliyopakwa dawa. Kwa miaka kumi na miwili ya kituo kile, kipimo kama hiki kilikuwa na jibu moja tu: asubuhi yake wote miguu juu. Leo kumi na saba walikuwa wamesimama ukutani mwa kopo, wazima wa afya, kama wageni wanaosubiri chai.

"Kumi na saba," alisema.

Chumba kile kilikuwa na vizimba viwili vya wavu. Kimoja kilikuwa cha Mabibi, hao waliopimwa jana, ukoo wa mbu ambao tangu mama zao na nyanya zao hawakuwahi kuonja dawa. Hao ndio mizani: mbu wa mitaani wakiletwa, wanalinganishwa nao kujua wamekuwa sugu kiasi gani. Cha pili kilikuwa cha Wababe, ambao dawa kwao ni manukato. Mama Mbu hakuwa na mume wala mtoto, ila jina hilo alilipata kihalali. Kwa miaka sita aliwalisha Mabibi damu ya mkono wake mwenyewe.

"Wababe wameingia kwa Mabibi," Mkuu alisema. "Kizimba hiki anakishika nani?"

"Mimi."

"Kesho saa nne kuna kikao. Ukionekana umezembea, kazi huna."

Mchana alimkuta mchumba wake uani, nyuma ya ofisi. Watu walimwita Dokta kwa utani, kwa sababu digrii yenyewe ilikuwa bado inapikwa. Harusi yao ilikuwa imebaki wiki tatu.

"Pole, mpenzi," Dokta alisema, akamshika bega. "Sikiliza. Wewe kubali tu kwamba mbu wamechanganyika wiki iliyopita. Omba radhi, yaishe."

"Kwa nini wiki iliyopita?"

"Takwimu zangu zinaishia mwezi jana. Ukisema wiki iliyopita, kazi yangu haina doa. Na ripoti inakwenda wizarani Ijumaa."

"Ripoti inasemaje?"

"Kwamba mbu wa mitaani hawajapishana sana na Mabibi. Kwa hiyo dawa ya vyandarua bado inafaa."

"Dokta, hawa Mabibi ni hao hao wanaokataa kufa?"

Dokta alitazama saa yake, akasema ana mtu anamsubiri. Mama Mbu alibaki pale na sahani yake, hamu ya kula imekwisha. Simu ikalia. Alikuwa mama mkwe.

"Mkwe wangu! Kadi zimeshachapwa, nzuri hizo! Ila waonye wenzako wa kazini wasije ukumbini kutuhubiria kwamba tumetoka kwa nyani."

"Mama, sisi hatushughuliki na nyani. Ni mbu."

"Na mbu naye katoka kwa nyani?"

Alicheka, japo kicheko hakikufika mbali. "Hapana, mama. Ni hivi. Dawa inaua mbu wanaouawa nayo. Wachache wasiouawa ndio wanabaki kuzaa. Miaka ikipita, mtaa mzima ni watoto wa wale waliopona."



"Ndiyo maana chandarua changu siku hizi ni pambo tu? Mjukuu wangu ameugua malaria mara mbili mwaka huu, na analala ndani yake."

"Huenda ndiyo maana, mama."

Alipokata simu, hakukaa tena. Alikwenda kwenye jokofu la kugandishia. Mabibi wakizaa kizazi kipya, mbu hamsini wa kizazi hicho huwekwa kwenye kichupa chenye tarehe. Alichukua vichupa vya miezi saba, akampelekea dada wa chumba cha vinasaba.

"Nitafutie alama ya usugu. Anza na vya zamani, uje hadi vya karibuni."

"Leo leo?"

"Dada yangu, kesho nafukuzwa."

Saa kumi jioni ujumbe uliingia: *Vichupa vyote vya mwanzo ni safi. Usugu unaanza kizazi kilichoanguliwa miezi mitano iliyopita. Haukukosekana tena hadi leo.*

Alifungua daftari la zamu, akarudi nyuma hadi wiki zile, akazikuta siku tatu zenye saini isiyo yake. Zilikuwa siku alizompeleka mama yake kupasuliwa jicho. Nani alijitolea kumshikia zamu, akakataa hata kushukuriwa? Ni siku zile zilizomfanya, baada ya kuzungushana mwaka mzima, amwambie Dokta ndiyo.

Alimkuta Dokta maabara anakusanya karatasi zake. Akaweka daftari mezani.

"Niambie mwenyewe."

Dokta aliitazama saini yake. Akakaa.

"Nilisahau kufunga mlango wa wavu wa kizimba cha Wababe," alisema. "Nilipogeuka nikakuta mbu wametapakaa ukutani, kama sitini. Nikadhani ni wa Mabibi."

"Mbu aliye nje ya kizimba hana kwao. Anauawa. Hata mfagiaji anajua."

"Najua! Lakini wangepungua sitini mikononi mwako, Mkuu angekula na wewe sahani moja. Nikawavuta kwa mrija, nikawarudisha kwa Mabibi. Nilifanya hivyo kwa sababu nakupenda."

Mama Mbu alimwamini. Hapo ndipo palipomuuma.

"Ulijua lini kwamba ni Wababe?"

"Mwezi uliofuata. Nilipowapima Mabibi hawakufa wote."

"Ukanyamaza."

"Miaka minne ya masomo, mpenzi! Ningeanza wapi?"

"Kesho kwenye kikao sema mwenyewe. Nitakuwa upande wako. Hata harusi tukiisogeza, tutaisogeza pamoja."

"Nitasema," Dokta aliitikia, akambusu kiganja. "Haki ya Mungu nitasema."

Kesho yake saa nne, Mkuu alivaa miwani, akatoa karatasi kwenye faili.

"Kabla sijamsikiliza mtu, nisome maelezo niliyoletewa mlangoni saa mbili." Akasoma: "'Mimi nikiwa mtafiti, nimeshuhudia mara kadhaa wiki iliyopita mhudumu wa vizimba akifanya kazi bila umakini, akili yake ikiwa kwenye maandalizi ya harusi…'"

Mama Mbu hakusikia yaliyofuata. Alimtazama Dokta na kumpa nafasi ya mwisho, akahesabu pumzi zake tatu, nne, tano. Dokta alikuwa anakagua kucha zake.

"Una la kujibu?" Mkuu aliuliza.

"Ninalo." Akaweka mezani majibu ya vinasaba na daftari la zamu. "Ni miezi mitano, Mkuu. Tazama tarehe, halafu tazama saini. Takwimu zote za tangu siku hiyo ni batili. Ripoti ikienda, watu watagawiwa vyandarua visivyoua mbu."

Mkuu alitazama tarehe, akatazama saini. Akaichukua ripoti ya Dokta iliyokuwa tayari kwenye bahasha, akaichana katikati.

"Kijana, kusanya vitu vyako. Chuo chako nitakiandikia leo. Mama Mbu, rudi kazini."

Dokta alimfuata hadi kwenye korido, jasho linamtoka.

"Nisikilize, tafadhali. Yote nilifanya kwa ajili yako!"

"Mbu uliwarudisha kwa ajili yangu, nakubali," Mama Mbu alisema, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. "Hilo ningekusamehe hata mbele ya watu. Barua ya leo je, uliandika kwa ajili ya nani?"

 

Mama Mbu alitoa simu, akampigia mama mkwe pale pale, Dokta akiwa anasikia.

"Mama, shikamoo. Zile kadi usizigawe."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Mwanao yuko hapa. Nampa simu akueleze mwenyewe, neno kwa neno. Na akikudanganya, mama, mimi nipo hapa hapa nasikia."

Akamnyooshea simu, akasubiri.