Waya Mweusi wa Bisibisi

Kila Jumamosi, akimaliza kudeki ngazi, lazima afungue kitu. Redio, pasi, saa ya ukutani. Hakuna kilichosalimika mikononi mwake. Ndiyo maana nyumbani walimwita Bisibisi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na ubishi wa watu wanne.

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya kompyuta mpakato ya dada yake. Saa nne kamili dada angefanya usaili wa chuo cha uuguzi kwa video, na kadi ya waifai iliyokuwamo ilikuwa ikisuasua. Bisibisi akaichomoa, akapachika mpya, akakaza skrubu. Alifanya kazi hiyo chini, katika karakana ya shangazi yake, fundi wa simu na kompyuta, kando kabisa ya ruta, kile kisanduku kinachorusha intaneti. Intaneti ikaja mbio.

"Mnamwona fundi?" akajigamba.

Dada akapanda nayo chumbani, palipokuwa na utulivu. Haikupita dakika, akapiga kelele.

"Imekata! Wewe mtoto, umeniharibia!"

"Sijaharibu chochote! Kadi ndiyo mbovu!" Bisibisi akanyakua simu, akampigia kijana aliyewauzia kadi hiyo. "Umetuuzia takataka. Mwizi mkubwa wee!" Akakata kabla hajajibiwa.

Dada aliteremka na kompyuta kifuani, macho yamejaa machozi. Ilikuwa saa tatu na nusu. Pale karakanani wateja wanabishana na msumeno wa jirani unalia. Nani angesikilizana na maprofesa hapo?

Shangazi aliwasha kompyuta kando ya ruta. Ikashika. Akapanda nayo ngazi. Ikakata.

"Kadi iliyokufa haishiki popote," alisema. "Hii inashika karibu, mbali haishiki. Bisibisi, uligusa nini?"

"Kadi tu. Na skrubu."

"Fungua basi, shangazi!" dada akalia. "Muda unakwisha!"

"Unajua desturi yangu. Sifungui mashine ya mtu mpaka aniambie kila alichogusa, hata kile cha aibu. Wiki iliyopita mzee mzima alikiri hapa kwamba alikausha simu kwenye oveni."

Bisibisi akakunja uso, akakunja na mikono. Alijua. Juu ya ile kadi kulikuwa na nyaya mbili nyembamba za antena. Mweupe ulikaa vizuri. Mweusi ulimgomea, akabonyeza mpaka kidole kikauma, kisha akaukunja chini ya mfuniko na kujiambia mmoja unatosha. Aseme sasa, mbele ya wateja wote hawa? Thubutu! Lakini dada alikuwa anatazama saa kila mara, usaili unamponyoka.

"Waya mweusi!" akafoka, kama vile kosa ni la wengine. "Ulikataa kuingia nikauficha. Haya, nichekeni! Lakini nauunganisha mwenyewe, asiguse mtu."

Hakuna aliyecheka. Shangazi akampa bisibisi ndogo na miwani ya kukuzia. Kwa miwani hiyo aliona kichwa cha waya kimekaa upande. Akakinyoosha, akabonyeza. Tak! Akafunga mfuniko jasho likimtoka puani. Safari hii walipanda nayo hadi chumbani, na intaneti ikakaa. Zilibaki dakika sita.

Saa tano kasorobo dada aliteremka akirukaruka. "Haikukata hata mara moja! Wamenipa nafasi, shangazi, wamenipa!"

Akamkumbatia mdogo wake mpaka mbavu zikauma. Shangazi akamgeukia Bisibisi.

"Ubishi wako usiuache, mwanangu, kazi hii inautaka. Bishana na waya mpaka uingie. Lakini ukibishana na ukweli, anayeumia ni mtu asiye na kosa. Leo nusura awe dada yako."

Bisibisi akainamisha kichwa kidogo, kidogo tu. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe simu, shangazi. Yule muuzaji nilimwita mwizi mimi. Nitamwomba radhi mimi, na safari hii sikati mpaka anijibu."