Futi ya Mama Kifungo

Tangu alfajiri fundi alikuwa kwenye cherehani, akishona sare za shule. Mdomoni alibana pini nne. Kwa hiyo binti yake alipoingia mbio na simu mkononi, aliitikia kwa kichwa tu.

Binti huyo aliitwa Kifungo. Alipokuwa mdogo alimeza kifungo cha shati la mteja, na jina likamganda. Sasa alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kikuu, mji wa mbali. Chuo chenyewe ni kikubwa, mabweni yalikuwa yamejaa, na masomo yalikuwa yaanze Jumatatu.

"Mama, nimepata chumba!" alisema Kifungo. "Ona picha. Kikubwa, safi, na bei ya chini kuliko vyote. Dalali anasema watu watano wanakitaka. Tumtumie kodi ya miezi sita leo hii."

Fundi alitoa pini mdomoni. Pesa ilikuwepo, jasho la mwaka mzima wa kushona. Lakini ilikuwa hiyo hiyo tu. Ikipotea, Kifungo hasomi mwaka huu.

"Nipe namba yake," alisema. "Tulipe tupumue."

Jirani yao alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja kuchukua gauni lake. Mama huyu alifagia mabweni ya chuo hicho miaka kumi na miwili kabla ya kustaafu.

"Mama Kifungo," aliuliza, "mteja akikutumia picha yake, unamkatia gauni?"

"Thubutu! Kabla sijampima?"

"Na hicho chumba umekipima?"

Fundi aliitazama tena ile picha kwenye simu. Aliona aibu, kisha akacheka mwenyewe. "Haya jirani, tufundishe."

Jirani alivuta kigoda. "Usilipie chumba ambacho hujaingia. Fungua bomba. Jaribu kitasa. Waulize wanaokaa pale, maana dalali hataji ubovu. Tembea mpaka darasani huku unaangalia saa. Halafu jumlisha kodi, nauli, maji na umeme. Hiyo jumla ndiyo bei ya chumba. Na pale chuoni kuna ofisi ya makazi ya wanafunzi. Wana orodha ya nyumba walizozikagua."

Kesho yake mama na mwana walipanda basi la kwanza. Fundi alivaa futi yake ya kupimia shingoni kama siku ya kazi.

Walianza na chumba cha kwenye picha, kwa kuwa Kifungo alikuwa bado anakitamani. Fundi alipima ukuta hadi ukuta. Kitanda kikiingia, mlango haufunguki.

Dalali aliyewafungulia mlango alicheka. "Mama, unapima chumba au jeneza?"

"Chumba, baba. Jeneza huwa na nafasi zaidi."

Kifungo alifungua bomba. Likakohoa, likanyamaza. Msichana aliyekuwa akianika nguo uani alimwambia, "Maji hutoka mara mbili kwa wiki, dada. Siku nyingine tunanunua kwa ndoo."

Wakatembea mpaka chuoni. Saa nzima na dakika tano! Kifungo alipiga hesabu ya nauli ya kila siku na ndoo za maji. Kile chumba rahisi kikawa ghali kuliko vyote.

"Mama, tungelipa jana, tungekwisha," alisema kwa sauti ndogo.

"Hatukulipa. Twende ofisini." Miguu ya fundi iliuma, lakini hakuwa tayari kurudi nyumbani mikono mitupu.

Ofisi iliwaelekeza kwenye chumba cha watu wawili. Mwanafunzi mwingine wa uuguzi alikuwa akitafuta mwenzake wa kugawana kodi. Maji yalitoka. Kitasa kilifunga. Vitanda viwili vilienea. Mpaka darasani ni dakika kumi na mbili.

Mwenye nyumba alileta mkataba. Kifungo aliusoma mstari kwa mstari.

"Samahani, mama mwenye nyumba, hapa pameandikwa miezi kumi na miwili. Masomo yetu ni miezi tisa."

Mwenye nyumba alijikuna kichwa. Mwisho alikubali, akaandika tisa, wote wakatia sahihi. Fundi alilipa, akaomba risiti, akaikunja na kuiweka vizuri kwenye pochi yake.

Mwezi mmodi ulipita. Asubuhi moja, saa kumi na mbili na nusu, fundi alimpigia binti yake.

"Bado uko chumbani? Darasa si saa moja?"

"Ni dakika kumi na mbili tu, mama. Nakunywa chai."

Fundi alikata simu. Machozi ya furaha yalimlenga. Simu ikalia tena. Alikuwa yule dalali.

"Mama, kile chumba bado kipo! Watu watano wanakitaka."

"Wape wote watano, baba," alisema fundi, akichukua futi yake. "Ila uwapime kwanza."