Ivy Akataa Beseni

Nyumbani kwa kina Ivy, huko Saboti, beseni la kunawa lilikuwa na heshima zake. Mgeni alinawa kwanza. Akafuata Kukhu, nyanya yao, kisha baba na mama. Watoto walinawa baadaye, kuanzia mkubwa. Hesbon, mdogo wake Ivy wa miaka sita, alinawa mwisho, katika maji yale yale, sasa yenye rangi ya chai.

Hesbon alikuwa na tumbo kama ngoma na miguu kama vijiti. Alikula sana lakini hakunenepa. Juzi alitoa mnyoo mrefu chooni, akalia kwa woga.

"Nyamaza," Kukhu alimwambia. "Kila mtu ana minyoo yake. Ndiyo inasaga chakula. Ukiiua yote, mtoto ataenda nayo. Jumatatu wakileta dawa shuleni, wewe utabaki hapa."

Ivy alisikia, na moyo ukamchoma. Alikuwa Gredi ya Sita, katika klabu ya afya ya Mwalimu Wacera. Kila mwanaklabu alipewa watoto watano wa kufundisha kunawa. Hesbon alikuwa mmoja wa watano wake.

Wavulana shuleni walimcheka. "Niaje, daktari wa minyoo!"

"Poa, bana. Hebu nione kucha zako."

Walificha mikono mifukoni.

Jumapili baada ya ibada, Mzee Wanyonyi wa kanisa alikuja kula. Ugali na kuku vikawekwa mezani. Beseni likazunguka hadi kwa Ivy. Alilichukua, akatoka, akayamwaga maji yote kwenye nyasi.

"Ivy!" mama alishtuka. "Mbele ya mgeni?"

"Sinawi humo, mama. Na Hesbon hanawi humo."

"Ati nini?" Kukhu aliuliza. "Mikono yetu imekuwa uchafu? Si mzee ataomba, na chakula kitabarikiwa?"

"Kitabarikiwa, Kukhu. Mungu atafanya yake. Kunawa ametuachia sisi."

Ivy aliliweka beseni tupu chini, akamgeukia Kukhu.

"Mayai ya minyoo hutoka kwenye kinyesi cha mtu aliye na minyoo. Yanakaa kwenye udongo. Ni madogo, huwezi kuyaona. Yanashika mikono na kucha. Sisi wote tunayaacha kwenye beseni, halafu mdogo anayaokota na kuyala na ugali. Na minyoo haisagi chakula. Inakula chakula cha Hesbon! Kukhu, viwavi wakiingia kwenye mahindi, wewe huwaacha wachache wakusaidie kulima?"

Mzee Wanyonyi alikohoa. Kisha akamgeukia Kukhu, akicheka mpaka machozi. "Mama Wekoye, hapo umeshikwa!"

Kukhu hakucheka. Mwaka jana viwavi walimmalizia nusu ya shamba. Alilitazama tumbo la Hesbon.

"Haya, mwalimu," alisema mwishowe. "Tunawe vipi?"

Ivy alileta jagi na sabuni. Alianza na Hesbon: viganja, katikati ya vidole, chini ya kucha. Maji machafu yakaenda zake.

Mzee Wanyonyi akasimama. "Nimwagie na mimi. Kumbe nilikuwa sijanawa."

Jumatatu, Kukhu alimpeleka Hesbon shuleni mwenyewe. Alisimama pale mpaka mtoto akameza dawa.

"Hii inaua minyoo iliyoko tumboni sasa," Mwalimu Wacera alimweleza. "Ya kesho mtaizuia kwa choo safi, viatu miguuni na sabuni. Na dawa ikiletwa tena, aje tena."

Jioni hiyo baba alitundika mtungi wa maji wenye tundu na kizibo kando ya choo, na kipande cha sabuni kwenye kamba.

Muhula uliofuata, tumbo la Hesbon lilikuwa limeshuka. Alicheza mpira hadi ikabidi aitwe kula.

Siku moja chifu alikuja kula. Aliketi, akanyoosha mikono kungoja beseni.

"Beseni tulilikataa," Kukhu alimwambia. "Hapa mdogo ndiye huanza."

Hesbon alikuwa amekwisha kunawa. Alimsogelea chifu na jagi lake.

"Hebu nione kucha zako," alisema.