Ndiyo Yenye Mafua

Mtungakanuni alikuwa mashine, hakuwa na mdomo wala kalamu. Alikaa chini kabisa ya jengo la Wizara ya Maji, jijini Nyandakuu, akipima vina vya mabwawa na kuhesabu vichwa vya watu, kisha akitunga kanuni. Waziri hakuzisoma. Zilianza kutumika papo hapo, na mabomba yakazitii kabla wenye nyumba hawajazisikia.

Asubuhi hiyo aliamua kwamba hakuna nyumba itakayopata zaidi ya ndoo tatu kwa siku. Nyumbani kwa Bi. Mwanakheri bomba likakohoa, likanyamaza. Kando ya kitanda chake kisafishadamu, mashine iliyofanya kazi ya figo zake zilizokufa, kikawasha taa nyekundu. Kilikuwa kinakunywa maji mengi kuliko ng'ombe.

"Hospitali nazo zimepewa kipimo chao," alisema mama huyo, kwa utulivu unaoudhi. "Hii wiki sitaimaliza, Tunu."

Binti yake, Mheshimiwa Tunu Mkwizu, aliona aibu kabla hajaona hofu. Yeye ndiye aliyewasilisha bungeni Muswada wa Ukame. Katiba ilisema sheria hutungwa na Bunge. Waziri aweza kukasimiwa utungaji wa kanuni ndogondogo tu, tena kwa mipaka. Muswada wa Tunu haukuweka mpaka hata mmoja. Ulimruhusu Waziri kutunga kanuni yoyote, hata ya kubadili sheria nyingine, na kazi yote kuikabidhi mashine. Siku ya kuupitisha wabunge walikuwa na njaa. Spika aliuliza, wakaitikia ndiyo kwa mpigo mmoja, wakagonga meza, wakaenda kula. Tunu alikuwa na mafua, ndiyo yake ikatoka na mkwaruzo kama wa jogoo mgonjwa, na jirani zake wakamcheka sana.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Alimkimbilia Kilango, mwandishi mkuu wa sheria wa Bunge.

"Twende mahakamani," alisema.

"Mahakama itaifuta kanuni hiyo ya maji, Mheshimiwa. Bunge haliwezi kugawa kazi yake yote kama pilau ya harusi. Ila kesi itachukua miezi."

"Mama yangu hana miezi! Basi tuifute wenyewe, leo hii."

Kilango alisita. "Umeisoma kanuni ya jana, ile inayohusu vikao vyenu?"

Hakuwa ameisoma. Siku hizi hakuna aliyezisoma.

Mchana alisimama bungeni akaomba kanuni ya maji ifutwe. Wenzake walimshangilia, maana hata kwao mabomba yalikuwa makavu. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alipata matumaini. Kisha Spika akasoma kioo cha kompyuta kilichokuwa mbele yake.

"Waheshimiwa, kwa kanuni mpya, nitawahoji kama mnaridhia kanuni za Waziri. Na kwa kuwa Bunge hili halijawahi kukataa, zitatumika ndiyo zenu zilizorekodiwa zamani, ili kuokoa muda wakati wa dharura. Wanaoafiki waseme ndiyo."

Hakuna aliyefungua kinywa. Vipaza sauti vya darini vikanguruma: ndiyooo! Zikafuata meza kugongwa, ilhali mikono ya kila mtu ilikuwa mapajani. Katikati ya ngurumo hiyo ilisikika ndiyo moja yenye mkwaruzo, na Tunu akaitambua kuwa ni yake.

"Siyo!" alipiga kelele. "Siyo!" Wenzake nao wakapaza sauti mpaka wakakauka koo, lakini vinasa sauti vyao vilikuwa vimezimwa.

"Nadhani walioafiki wameshinda," alisema Spika, bila kumtazama mtu.

Tunu alitoka ukumbini akiwa na machozi. Mlangoni simu yake ikaita. Alikuwa mama yake; kikao kilikuwa kimerushwa redioni.

"Nimekusikia, mwanangu," alisema Bi. Mwanakheri polepole, pumzi zikimkatika. "Mafua yamekurudia, eeh? Lakini mbona na wewe umeitikia ndiyo?"