Mwanga Nyuma ya Shuka

Jirani yangu Fadhili, hapa Chikongola, alipenda kupiga picha zisizo na mtu wala kitu. Rangi tu na mwanga: jua juu ya turubai la lori, mafuta yanayoelea majini bandarini. Alizichapisha kubwa, akazitundika sebuleni. Wageni walizisifu hata pale wasipojua wanasifu nini.

Mwaka juzi mama mkwe wake, Bi Somoe, alifariki kule Msimbati. Asubuhi ya mazishi wanawake walizungushia mashuka ya manjano uani, wakaingia kumwosha. Fadhili, aliyekaa na wanaume, akaona jua likipenya shuka lililolowa. Akajisogeza nyuma ya banda la korosho. Akatoa kamera.

Picha ilitoka nzuri kuliko zote. Manjano yaliyotawanyika, kivuli chepesi katikati, na juu kabisa utepe mweupe wa mwanga.

"Hii umepiga wapi?" mkewe Nasra alimwuliza.

"Ufukweni," akajibu, akitazama pembeni.

Nasra akasema itundikwe mkabala na meza ya chakula.

Haukupita muda, utepe mweupe ukaongezeka upana. Fadhili alidhani jua limeipausha karatasi, akaihamishia kivulini, ukuta ule ule. Utepe ukazidi kupanuka. Ndipo alipoelewa. Rangi haikuwa ikipauka. Shuka lilikuwa likiteremka.

Akawa anakula ameinamia sahani. Mchana mmoja, Nasra akiwa jikoni, aliinua macho. Shuka lilikuwa limefika mabegani mwa kile kivuli. Vidole vinne, vilivyokunjamana kwa maji, vilikuwa vimelishika kwa ndani. Vinalizuia.

Sauti ikanong'ona, ile ile iliyozoea kumkaribisha ukweni.

"Mkwe, nisitiri. Naona haya."

Fadhili alivua shati, akaifunika picha. Nasra alimkuta amepiga magoti, kifua wazi, uso ukutani.

"Ni mama," alisema kwa shida. "Nilimpiga picha akioshwa."

Nasra aliitundua picha ukutani. Alifungua kanga yake, akaizungushia ile picha, akaibeba kifuani kama mtoto.

Waliizika kando ya kaburi la Bi Somoe. Fadhili aliwaomba radhi mashemeji zake mbele ya watu. Hakuna aliyempa mkono.

Kamera hakuigusa tena. Lakini ukuta ule, hata ukipakwa rangi upya, jua likipanda hutoa majimaji yanayonukia karafuu maiti, kama yale ya kumwoshea marehemu. Fundi alibomoa plasta, hakukuta bomba. Nasra huyafuta mwenyewe, polepole, kutoka juu kwenda chini. Na Fadhili, bila kuambiwa, hutoka nje.